Kabla ya Kulipia Barafu

Anayetaka kwenda Antaktika kwa meli huanza na kijitabu cha picha. Humo mna ramani yenye mstari mwekundu unaotoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, unakata bahari, unajipenyeza kati ya visiwa na kurudi ulikotoka. Mna siku zilizopangwa, ya tano hapa, ya sita pale. Mna pengwini, mna bei. Wengi husoma hayo, hulinganisha kampuni tatu nne, huchagua mstari unaofika mbali zaidi kwa fedha kidogo zaidi, kisha hulipa. Miaka ya kukaa karibu na biashara ya kuuza safari imenizoesha kusoma mkataba kuanzia nyuma, kwa sababu mambo mazito huwekwa huko kwa herufi ndogo. Katika mikataba ya safari za ncha za dunia kuna kifungu ambacho hakikosekani: nahodha anaweza kubadili njia, kuacha kituo, kufupisha safari au kurudi bandarini kwa sababu ya barafu, hali ya hewa, ugonjwa au usalama, na abiria hatakuwa na dai la fidia. Ukikisoma kwa makini utagundua kwamba ule mstari mwekundu haukuuzwa. Ulionyeshwa tu. Kilichouzwa ni nafasi katika meli fulani, pamoja na maamuzi ya watu fulani watakaoiendesha. Ndiyo maana nasema mnunuzi aache kulinganisha ratiba na badala yake alinganishe meli, watu wake, na nani atakayebeba hasara mambo yakienda kombo. Hayo ndiyo anayolipia, ajue asijue.

Wapo wanaokiona kifungu hicho kuwa ujanja wa wafanyabiashara. Mimi nakiona cha haki, na msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuelezwa sana kwa nini: hakuna dereva wa utalii mwenye akili zake anayemwahidi mgeni kwamba Jumanne saa nne asubuhi nyumbu watavuka Mto Mara. Kusini huko mambo ni makali zaidi. Kati ya ncha ya Amerika Kusini na Rasi ya Antaktika kuna Mlango-bahari wa Drake, maji ya upana wa kilomita 800 hivi, mahali ambapo pepo na mawimbi yanayoizunguka dunia kutoka magharibi hayakutani na nchi kavu ya kuyapunguza nguvu. Meli hutumia takriban siku mbili kuvuka na siku mbili kurudi, kwa hiyo katika safari ya siku kumi, siku nne hivi ni za maji matupu. Tufani ikiingia, nahodha husubiri au huzunguka, na siku za nchi kavu ndizo zinazoliwa. Ukishavuka, barafu nayo ina mambo yake. Upepo ukigeuka, mlango uliokuwa wazi asubuhi huzibwa kabla ya jioni. Desemba 2013 meli ya Kirusi Akademik Shokalskiy, iliyobeba wanasayansi na watalii, ilinaswa namna hiyo karibu na Commonwealth Bay. Meli ya Kichina Xue Long ilikwenda kuisaidia, ikashindwa kuifikia, na yenyewe ikanaswa. Abiria 52 walitolewa kwa helikopta ya Xue Long tarehe 2 Januari 2014 na kukabidhiwa meli ya Australia. Siku chache baadaye upepo ukageuka tena na meli zote mbili zikajitoa zenyewe. Mahali kama hapo, nahodha aliyefungwa na ratiba ni hatari kwa kila aliye ndani ya meli. Mkataba unapomwachia mikono wazi unamlinda abiria. Ila unamwachia pia swali ambalo kijitabu cha picha hakilijibu: mikono yenyewe ni ya nani?

Ushahidi mzito zaidi juu ya swali hilo umetolewa na meli iliyoianzisha biashara hii. Lars-Eric Lindblad, Mswidi aliyehamia Marekani, aliwapeleka watalii Antaktika mwaka 1966 kwa meli ya kukodi. Mwaka 1969 akapata meli yake, Lindblad Explorer, iliyojengwa Finland mahususi kwa maji ya barafu, ndogo, nyekundu, yenye boti za mpira za kuwashusha watu ufukweni. Namna ya kusafiri aliyoiweka, yaani meli ndogo, wataalamu wa kutoa mihadhara na kushuka kwa boti, ndiyo inayouzwa hadi leo. Meli ikabadilisha wenyewe mara kadhaa na kubaki na jina la Explorer. Tarehe 23 Novemba 2007, usiku, katika Mlango wa Bransfield, iligonga barafu, maji yakaingia, na watu wote 154 wakashuka kwenye boti za kuokolea maisha. Walikaa humo kwa saa kadhaa wakipigwa na baridi mpaka meli ya Norway, Nordnorge, ilipowafikia. Hakuna aliyekufa. Hali ya hewa ilikuwa tulivu kwa saa zile walizokuwa wakiihitaji, na hilo hakuna kampuni inayoweza kuliweka kwenye bei. Explorer yenyewe ilizama siku hiyo hiyo. Liberia, ambayo meli ilipeperusha bendera yake, ilifanya uchunguzi, na ripoti yake haikuishia kwenye ubovu wa chuma. Ilieleza kwamba nahodha alikuwa na uzoefu mkubwa wa Bahari ya Baltiki lakini hakuijua vizuri aina ya barafu aliyokutana nayo Antaktika, na kwamba uamuzi wake wa kuingia katika uwanja ule wa barafu ndio uliokuwa chanzo kikuu cha ajali. Meli ilikuwa na historia ndefu kuliko zote, imejengwa kwa ajili ya barafu, na bado kilichoamua mambo usiku ule ni kama mtu aliyeshika usukani aliwahi kuiona barafu ya namna ile.

Tangu 2017 kuna Kanuni ya Ncha za Dunia ya Shirika la Kimataifa la Bahari, inayozilazimisha meli za maeneo hayo kuwa na cheti maalumu, vifaa vya kuokolea watu vinavyofaa kwa baridi hiyo, na maofisa waliofunzwa kuongoza meli kwenye barafu. Ni hatua kubwa. Hata hivyo cheti kina madaraja. Meli ya daraja la juu imejengwa kupita kwenye barafu nene. Ya daraja la chini inaruhusiwa katika maji yaliyo wazi au karibu wazi. Zote mbili zinaweza kuuzwa kwa maneno yale yale ya kijitabu, na anayeuliza daraja la meli kwa kawaida hujibiwa, kwa sababu waliotumia fedha kuimarisha ubavu wa meli hupenda kulitaja. Jibu linalochelewa ni lile la watu. Ni misimu mingapi nahodha amefanya kazi upande huu wa dunia, si baharini kwa jumla? Kiongozi wa msafara, yule anayekaa na nahodha kila jioni kupanga kesho, amekuwa na kampuni hii muda gani? Waongozaji wangapi wamerudi kutoka msimu uliopita? Biashara imepanuka haraka na meli mpya zimeingia majini moja baada ya nyingine, na uzoefu wa barafu hauwezi kutengenezwa kiwandani kwa kasi hiyo. Ningekuwa mimi ninayelipa, ningechukua meli iliyochakaa kidogo mazulia yake, yenye nahodha mzoefu, kuliko mpya yenye bwawa la maji moto na timu iliyokutana juzi.

Baada ya watu, idadi ya abiria. Hapa hesabu ni nyepesi ajabu, na ni nadra kumkuta mnunuzi aliyeifanya. IAATO, jumuiya ya kampuni zinazopeleka watalii Antaktika iliyoanzishwa mwaka 1991, ina kanuni kwamba wasiwepo abiria zaidi ya 100 ufukweni kwa wakati mmoja katika kituo kimoja, na kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu kabisa. Kila abiria 20 lazima wawe na mwongozaji mmoja. Sasa chukua alasiri moja ambayo hali ya hewa imeruhusu saa nne za kutua. Meli ya abiria 100 huwashusha wote pamoja na kila mtu hupata muda wa kutosha. Meli ya 200 hugawa zamu mbili, nusu wakizungushwa kwenye boti kati ya siwa barafu huku wengine wakiwa nchi kavu, na bado si mbaya. Meli ya 450 ina zamu tano. Ondoa muda wa kupanda na kushuka, na mtu aliyevuka dunia nzima atasimama juu ya bara hilo kwa muda wa kusali sala moja na kupiga picha, kisha ataitwa na redio ya mwongozaji arudi. Upepo ukikatisha kazi katikati, zamu ya nne na ya tano hazitashuka. Katika kijitabu safari zote tatu zimeandikwa sawa: kutua mara mbili kwa siku.

Kutua kwenyewe nako kunaeleza mengi juu ya kampuni kuliko picha yoyote. Kabla ya kushuka mara ya kwanza, abiria huitwa sitahani na nguo zao za nje. Mifuko hugeuzwa nje ndani na kufyonzwa vumbi kwa mashine. Vibanio vya kitambaa, vile vinavyoshika kwa kuparuza, hukaguliwa kwa kibano kidogo kutafuta mbegu za majani. Nyayo za buti husuguliwa kwa brashi mpaka ndani ya mifereji yake, kisha hukanyagishwa kwenye beseni la dawa ya kuua vijidudu, wakati wa kutoka na wakati wa kurudi. Ufukweni haruhusiwi mtu kuketi, kupiga magoti wala kuweka begi chini, na pengwini apewe nafasi isiyopungua mita tano, hata akiamua yeye mwenyewe kukujia. Masharti ya kutoketi yalikazwa baada ya homa ya mafua ya ndege kufika: iligunduliwa kisiwa cha South Georgia Oktoba 2023, na Februari 2024 ikathibitishwa kwenye Rasi ya Antaktika. Vituo vinavyoshukiwa kuwa na ugonjwa havishushwi watu, na hivyo ndivyo ratiba inavyobadilika tena, safari hii si kwa barafu bali kwa mzoga wa ndege aliyeonekana na mwongozaji aliyetangulia ufukweni kabla ya abiria. Kampuni inayofanya ukaguzi huu kwa haraka haraka, kama watu wanaotia saini daftari la wageni, itafanya haraka haraka na mengine.

Jambo la tatu ni umbali wa msaada. Septemba 11, 2023, meli ya Ocean Explorer yenye watu 206 ilikwama kwenye tope na mchanga huko Alpefjord, katika hifadhi kubwa ya kaskazini-mashariki mwa Greenland. Meli ya jeshi la Denmark iliyoagizwa kwenda kuisaidia ilikuwa zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Baada ya siku tatu iliyoivuta ni meli ya utafiti wa samaki ya Greenland, Tarajoq, ikisaidiwa na maji kujaa. Meli ilikuwa mpya, na hakuna aliyeumia. Lakini kwa siku tatu zile, kilichowalinda abiria ni chakula, joto na utulivu vilivyokuwamo ndani ya meli yao wenyewe. Mfano wa Canada ni mchungu zaidi. Agosti 27, 2010, Clipper Adventurer ilipanda mwamba katika Ghuba ya Coronation, na abiria 128 wakangoja kama siku mbili mpaka meli ya kuvunja barafu ya walinzi wa pwani, Amundsen, ilipowachukua. Mwamba ule ulikuwa umegunduliwa mwaka 2007 na taarifa yake kutolewa kwa mabaharia. Haikuwa imechorwa kwenye ramani iliyokuwa ikitumika melini. Mwaka 2017 Mahakama ya Shirikisho ya Canada iliamua kwamba uzembe ulikuwa wa wenye meli. Taarifa ilikuwepo. Hakuna aliyeiangalia. Ramani za bahari za maeneo haya bado zina sehemu kubwa ambazo hazijapimwa kwa vyombo vya kisasa, na ndiyo maana uhodari wa msafara mara nyingi huonekana katika mambo ya kuchosha, kama ofisa anayesoma matangazo ya mabaharia kila asubuhi.

Umbali huo ndio unaofanya bima kuwa sehemu ya safari yenyewe. Wasafiri wetu wengi wanaijua bima ya visa ya Schengen, ambayo kiwango chake cha chini ni yuro 30,000, na hudhani karatasi ile inatosha popote. Kampuni nyingi za Antaktika humtaka abiria awe na bima ya matibabu na ya kumsafirisha mgonjwa, na viwango vinavyodaiwa huanzia kama dola 100,000 na vyaweza kufika 500,000. Si majivuno. Mtu akivunjika nyonga ufukweni, meli inaweza kulazimika kuacha ratiba yake na kwenda hadi Kisiwa cha King George, kwenye uwanja wa ndege wa kituo cha Chile, kisha kungoja ukungu uondoke ili ndege itue, na kutoka hapo mgonjwa apelekwe Punta Arenas. Daktari wa melini ni mmoja au wawili, na chumba chao kinatosha kumtuliza mgonjwa, si kumfanyia upasuaji mkubwa. Soma orodha ya yale ambayo bima haiyafidii kabla ya kusoma yale inayoyafidia. Bima nyingi za bei rahisi huyataja maeneo ya ncha za dunia katika orodha ya kwanza.

Fedha nazo zina barafu yake. Kawaida mnunuzi hutoa robo ya bei au pungufu kidogo wakati wa kuweka nafasi, na kinachobaki hulipwa miezi mitatu au minne kabla ya safari. Kutoka hapo hadi siku ya kupanda meli, kampuni imeshika fedha zako zote na wewe umeshika karatasi. Mwaka 2019 kampuni moja ya Canada ilipoteza meli mbili za Kirusi ilizokuwa ikikodi, ikaanza kufuta safari, na waliokwisha kulipa wakabaki kugombania marejesho. Mwaka 2023 kampuni kongwe ya Boston iliyouza safari za aina hii nayo iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria humtaka muuzaji wa kifurushi cha safari awe na dhamana ya kuwarudishia wateja fedha akifilisika, na Uingereza ina taratibu zake. Ulinzi huo hufuata mahali mkataba ulipofungwa na sheria inayoutawala, na mteja wa Nairobi au Dar es Salaam asidhani kwamba unamfuata yeye kwa sababu tu jina la kampuni lina sifa. Aulize kwa maandishi: fedha zangu zitawekwa wapi, na nani atanirudishia mkifunga ofisi? Akilipa kupitia wakala wa hapa nyumbani, aulize pia lini wakala atazipeleka ng'ambo, na apate uthibitisho kutoka kwa kampuni ya meli yenyewe. Malipo ya kadi huacha mlango wa kudai kupitia benki. Malipo ya kuhamisha fedha moja kwa moja yakishaondoka, yameondoka.

Sasa pingamizi, na la kwanza ni la bei. Mtu atasema: haya yote ni anasa ya kuchagua. Meli kubwa isiyoshusha watu inauzwa kwa sehemu ya bei ya ile ndogo, inapita mbele ya milima ile ile ya barafu, na mwenye fedha za hiyo tu ana haki ya kuiona. Nakubaliana naye kuliko anavyotarajia. Katika msimu wa 2023–24 watalii waliofika Antaktika walizidi 120,000, na karibu theluthi moja yao hawakukanyaga nchi kavu. Si watu waliodanganywa. Anayejua kwamba atautazama ufuko akiwa sitahani na akaridhika nalo amenunua kitu halisi kwa bei yake halisi. Anayepunjika ni yule aliye katikati, aliyenunua meli ya abiria 400 na zaidi kwa sababu ilikuwa nafuu kidogo kuliko ya 150, akiamini amepata safari ile ile. Gawanya bei kwa saa ambazo miguu yako itakuwa ufukweni, si kwa idadi ya siku, na mara nyingi ile nafuu hugeuka kuwa ghali.

Wengine husema ujanja ni kwenda Ushuaia na kungoja nafasi za dakika za mwisho, zinazouzwa kwa punguzo wakati meli inakaribia kuondoka haijajaa. Nafasi hizo zipo, na kijana wa Ulaya anayezunguka Amerika Kusini na mkoba mgongoni, bila kuhitaji visa, akiwa na wiki mbili za kupoteza, anaweza kuzipata. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hesabu ni nyingine. Antaktika yenyewe haina visa, lakini njia ya kufika ina visa, na ubalozi utataka kuona safari iliyokwisha kupangwa na kulipiwa. Meli hutoka Argentina na kurudi Argentina, kwa hiyo ihakikishwe kwamba visa inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Msimu ni Novemba hadi Machi. Mwenye kuhitaji visa aanze mwaka mmoja kabla, na asilipe kiasi kisichorudishwa mpaka ajue kampuni itafanya nini visa ikinyimwa. Swali hilo ofisi za mauzo za Ulaya na Marekani hazilizoei, kwa maana wateja wao wengi hawana haja nalo. Jibu lao ni kipimo kizuri.

Pingamizi la tatu linagusa kanuni zenyewe: IAATO ni klabu ya wafanyabiashara, na wafanyabiashara wanaojitungia sheria hujihurumia. Upande mmoja ni kweli. Uanachama ni wa hiari. Hata hivyo kanuni zake hazielei hewani. Mkataba wa Antaktika ulitiwa saini mwaka 1959 na nchi 12, Afrika Kusini ikiwa ndiyo pekee kutoka bara letu, na Itifaki ya mazingira ya 1991, iliyoanza kutumika 1998, huwataka waandaaji wa safari wapate kibali kutoka nchi mwanachama na waeleze athari za shughuli zao. Tangu Agosti 2011 mafuta mazito yamepigwa marufuku katika maji hayo, na hiyo ni sheria ya kimataifa, si ya klabu. Kinachokosekana ni mwenye nyumba. Madai ya umiliki wa Antaktika yamegandishwa na Mkataba, hivyo hakuna serikali moja inayoweza kuamka na kusema inatosha. Norway iliweza kufanya hivyo kwenye visiwa vyake vya Svalbard: tangu Januari 2025 meli yenye abiria zaidi ya 200 haiingii katika maeneo yaliyohifadhiwa, kutua humo kumebaki kwenye vituo 43 vilivyotajwa, na dubu mweupe lazima apewe mita 300, zinazoongezwa kuwa 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Mnunuzi anayetilia shaka kanuni za hiari, na aende kwenye kanuni za lazima. Safari ya kaskazini humpa hilo. Anayebaki na kusini ajue kwamba kampuni isiyo mwanachama haina hata ile aibu ya mbele ya wenzake.

Pingamizi la mwisho ndilo nisiloweza kulimaliza: kwamba mtu asiende kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulipima masizi yanayotokana na moshi kwenye theluji karibu na vituo na sehemu za kutua, na kukadiria kwamba kila mtalii husababisha takriban tani 83 za theluji kuyeyuka mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliokwenda walikuwa elfu kadhaa kwa msimu. Leo ni zaidi ya laki moja. Kampuni hujibu kwamba kila anayerudi huwa balozi wa bara lile. Jibu hilo silikubali. Sioni kwamba watu hao wanaishi tofauti na majirani zao, na ndege iliyowaleta kutoka mbali ilikwisha kufanya uharibifu kabla hawajamwona pengwini wa kwanza. Anayeamua kubaki nyumbani ana hoja, na simbishii. Ila hoja hiyo haiwaondolei wanaokwenda wajibu wa kuchagua. Watu elfu moja wakigawanywa katika meli zinazofuata masharti, zenye manahodha wanaokubali kugeuza njia, hawaachi alama sawa na elfu moja waliobebwa na kampuni inayokimbizana na ratiba. Soko hili ni dogo. Kampuni husikia maswali ya wateja, na kwa sasa swali wanaloulizwa zaidi ni ukubwa wa dirisha la chumba.

Barua ya kuuliza, basi, inaweza kuwa fupi. Daraja la meli kwenye barafu; idadi ya abiria watakaouzwa kwa safari hiyo, kwa kuwa meli moja huweza kuuzwa kwa idadi tofauti kusini na kaskazini; zamu za kutua; kiwango cha bima; mahali fedha zitakapokaa; hatima ya malipo visa ikinyimwa; na jina la nahodha na la kiongozi wa msafara. Kwa hilo la mwisho, mwaka mmoja kabla ya safari, kampuni inaweza kujibu kwamba orodha ya mabaharia haijapangwa, na hilo ni jambo la kawaida katika kazi ya meli. Ulizia basi manahodha wa msimu uliopita na misimu waliyofanya kusini. Ofisi iliyozoea kazi hii itakutumia majina siku hiyo hiyo. Nyingine itakurudishia kijitabu cha picha.